Maneno Ambayo Mama wa Mashuuru Hakusema

Wakati wa ukame mhadhiri mmoja aliniajiri nimkusanyie mahojiano kule Mashuuru. Yeye alibaki Kitengela. Mimi nilitoka Noonkopir kila Jumatatu na daftari langu, nikapita boma hadi boma nikisikiliza wanawake wakieleza mifugo ilivyowaishia.

Mmoja wao alikuwa mjane wa makamo. Nilipomwamkia kwa Kimaasai, "Yeiyo, takwenya," aliitikia "Iko" bila kuacha kukamua mbuzi. Nikamuuliza ukame ulimfunza nini. Ndilo swali mhadhiri alilonipa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kiatu chake kina ladha gani.

"Haikunifunza kitu," akasema. "Ilikula ng'ombe yangu, ikaenda."

Niliandika hivyo hivyo.

Miezi kadhaa baadaye makala yetu yakatoka katika jarida la kitaaluma, jina langu likiwa la pili. Niliyafungua kwa furaha. Katikati nikakutana na mjane wangu, akisema kwa Kiingereza kilichopigwa pasi kwamba ukame umeifunza jamii umuhimu wa mikakati jumuishi ya ustahimilivu. Niliyasoma tena. Wanawake wote wa Mashuuru walikuwa wamepewa mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ulikuwa umekaa semina nyingi. Kwenye orodha ya marejeo palikuwa na vitabu viwili nilivyovitafuta kila mahali. Hakuna mtu aliyewahi kuviandika.

Mhadhiri alikubali tukutane hotelini, kando ya barabara ya Namanga. Nilitarajia aibu kidogo. Huku akipaka mkate siagi, alinieleza kwamba ana shughuli nyingi, kwamba mwandiko wangu ulimsumbua, kwamba alitumia akili bandia kunyoosha lugha tu, na kwamba siku hizi kila mtu anaitumia. Nikamwambia hata mimi huitumia kusahihisha tahajia, lakini siitumi Mashuuru kwa niaba yangu.

"Hao wamama hawatawahi soma hiyo jarida," akasema. "Sasa nani ataumia?"

Nilimtazama akitafuna, nikafikiri: huyu amepanda elimu mpaka juu kabisa, na alichookota huko ni ujasiri wa kutosoma hata kazi yake mwenyewe.

Nikamwandikia mhariri. Jibu lilikuwa la adabu. Alishauri tuongeze sentensi moja ya kukiri kwamba akili bandia ilitumika, basi mambo yaishe. Ni kama kubandika karatasi kwenye mtungi kusema maziwa haya yametiwa maji, halafu ungoje maji yatoke. Nilimtumia picha za kurasa za daftari langu pamoja na kurasa za makala, nikataka jina langu lifutwe. Hatimaye makala yakaondolewa, na tangazo fupi likaeleza kwamba yalikuwa na "hitilafu za uandishi". Mtu alibuni maneno ya wajane, jarida likaona hitilafu. Mhadhiri aliendelea kufundisha. Tulipokutana dukani alizisoma pakiti za sabuni kwa makini ambayo hakuwahi kuipa kazi yetu.

Niliona ni haki nirudi Mashuuru kumweleza mjane yaliyotokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo nilipofika kwa yule mwanamke wa mikakati, kisha akaniambia nimsomee nilichoandika mimi. Nilisoma kwa majivuno, sikatai. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba mumewe ndiye aliyeuza mtamba wa mwisho, akainua mkono.

"Mzee alikuwa amekufa. Ni mimi niliuza."

Hakuwahi kuniambia ni mumewe. Nilijaza mwenyewe, kwa kalamu yangu, bila mashine yoyote. Nikafuta palepale, na yeye akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza kuandika.