Rauta niliyoichomeka "kwa muda tu" ilivyopika mbegu kiwandani kwetu Songea

Wakuu, heshima kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa muda mrefu, mtu wa kucheka na kupita. Leo ni zamu yangu. Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijaziruka. Kiwanda sikitaji na majina nimebadili, maana bado nakula hapo.

Mimi ni fundi wa mitambo, wakati huo mkuu wa shifti, kwenye kiwanda cha mbegu za mahindi hapa Songea. Sio unga, mbegu. Mahindi yanakuja yakiwa bado kwenye magunzi, hayajakauka, tunayapitishia hewa ya moto kwenye vyumba vikubwa tunavyoviita bini. Ziko nne.

Sasa mbegu ina masharti. Hewa isizidi nyuzi arobaini na kidogo. Ukizidisha, punje inakauka vizuri tu na inang'aa, huoni kasoro yoyote, ila kiini kimekufa. Ukisaga unapata ugali kama kawaida. Ukipanda, hakuna kinachotoka.

Joto linasimamiwa na kompyuta ndogo iliyo ndani ya kabati la umeme. Unaiandikia 40, yenyewe inafungua na kufunga njia za hewa. Kwenye skrini, bini ikiwa kwenye joto uliloagiza inakuwa ya kijani. Ikienda tofauti na ulichoagiza inakuwa nyekundu na king'ora kinalia.

Hilo la kijani mlishike, tutalirudia.

Msimu wa kukausha ni mwezi wa saba na wa nane. Na ndio msimu wa kujenga, maana mvua hakuna. Mimi nina kiwanja Mshangano. Aliyewahi kujenga ananielewa: fundi asiposimamiwa anakuwekea dirisha palipopaswa kuwa mlango. Nilitaka kuwa kazini na niwe saiti, kwa saa zilezile.

Nikajiona mjanja. Nikachukua rauta ndogo ya laini ya simu, nikaichomeka kwenye lile kabati, nikafungua njia ya kuona skrini ya mtambo kutoka popote. Password nikaacha ileile ya kiwandani ilikotengenezwa, 1234, nikisema nitabadilisha nikipata nafasi. Hii yote ni kwa muda tu, mpaka nyumba ifike kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Wenzangu wa shifti walipoona natazama bini kwenye simu wakataka na wao. Nikawatupia link kwenye grupu. Nilisifiwa sana siku ile, nikaitwa injinia.

Kabla ya hapo ule mtambo ulikuwa haujui hata intaneti ni nini. Miaka yote uliishi peke yake kwenye kabati lake. Mimi ndiye niliyeufungulia mlango.

Sasa nimlete Mama Ngonyani.

Huyu mama anasimamia akina mama wanaochambua magunzi. Umri wa mama yangu kabisa. Nyumbani kwake Msamala anatengeneza kimea cha pombe, kwa hiyo kuotesha nafaka ni kazi ya mikono yake. Ana desturi ambayo hakutumwa na mtu: kila bini ikikaribia kukauka anachukua punje za kiganja kimoja, anazilaza kwenye gunia lililoloweshwa, kila bini na kona yake, anaweka karibu na tanuru la kupashia hewa ya bini, zipate joto. Sisi mafundi tulikuwa tunamtania kwamba anatupikia pombe ya komoni kazini.

Asubuhi moja nimeingia, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone. Za bini ya tatu hazijaota."

Nikamwambia ni baridi. Mnaijua Songea mwezi wa saba, hata maji ya kunawa unayaogopa. Nikasema zitachelewa tu, azipe siku mbili.

Akanitazama. "Baridi gani hiyo inayochagua? Za bini ya pili zimelala gunia hilohilo, siku hiyohiyo. Mbona zimeota?"

Nikapasua punje moja kwa kisu, nikaona pale kwenye kiini pamekuwa na rangi ya kahawia. Wakuu, hiyo ni mbegu iliyokufa.

Na muda haukuwepo. Mchana ule bini zote zilikuwa zipukuchuliwe na kuchanganywa ghala moja. Zikishachanganyika huwezi tena kujua punje ipi ilitoka wapi. Na mama mkwe wangu yuko Lusewa, analima, alikuwa ameniambia mwaka huu hatapanda za kuhifadhi nyumbani, atapanda zetu kwa sababu mkwewe yuko humo ndani.

Nikawa na hamu ya kujua kuliko hata hofu. Kipimo cha joto kimeharibika? Nikaweka kipimo cha mkono, kikasoma sawa na skrini. Tanuru? Halina tatizo. Nikaingia kwenye kumbukumbu za mtambo, sehemu ambayo kusema ukweli nilikuwa sijaifungua tangu nianze kazi.

Nikakuta siku tatu nyuma, saa nane mchana, bini ya tatu iliagizwa kutoka 40 kwenda 62. Saa kumi na moja ikarudishwa 40. Aliyeagiza: admin, kutoka nje.

Kutoka nje kulikuwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mmoja ni simu yangu. Mwingine, namba yake ya mtandaoni sikuitambua. Kwenye grupu kila mtu akasema si yeye, na nilipoifuatilia ile namba ilionyesha nchi ya mbali kabisa.

Sehemu inayoniuma ni hii. Saa nane ile nilikuwa Mshangano nabishana na fundi kuhusu kona ya sebule. Nilifungua simu nikaangalia. Bini zote nne kijani. Nikarudisha mfukoni.

Ilikuwa kijani kwa sababu mtambo uliagizwa 62 na ukafika 62. King'ora kingelia kwa lipi? Mtambo ulikuwa unatii. Mimi niliangalia rangi, namba sikuisoma.

Hapo shetani akaninong'oneza. Chomoa rauta, futa kumbukumbu, nyamaza. Maabara wanapima uotaji kabla mbegu haijauzwa, watajijua. Lakini bini moja mbovu ndani ya tatu nzima inaweza kuwapita, au ikakwamisha mzigo wote na wakulima wakakosa mbegu. Kwa vyovyote mama mkwe angeumia, na mimi ningekuwa nakaa naye meza moja Krismasi.

Nikachomoa rauta, nikaenda nayo mkononi ofisini kwa meneja. Mtu wa Kanda ya Ziwa, haongei sana. Nikamweleza yote, hadi la nyumba.

Akauliza kitu kimoja tu: "Umekuja mwenyewe au kuna aliyekuona?"

"Nimekuja mwenyewe, bosi."

Akanyanyua simu, akasimamisha upukuchuaji. Bini ya tatu ikaenda kuwa mahindi ya kula. Mimi nikapewa barua ya onyo na nikavuliwa ukuu wa shifti. Sikubisha, nilistahili zaidi ya hapo.

Tulivyorekebisha: mtandao wa mitambo umetengwa na wa ofisi, hakuna waya wala laini inayogusana. Kila mtu ana password yake. Mtaalamu wa mbali akihitajika, anafunguliwa njia akiwa kwenye simu na fundi aliyesimama mbele ya mtambo, akimaliza inafungwa, na inaandikwa kwenye daftari. King'ora sasa kinalia joto likipita 43, hata kama mtu ameagiza lipite. Na gunia la Mama Ngonyani limewekwa kwenye ratiba rasmi ya kazi. Hatumtanii tena.

Yule wa nje hatukumjua hadi leo. Huwa namuwaza sana. Aliona maandishi BIN 3 na namba, akachezea, akaondoka. Sidhani kama alijua ni mahindi. Sidhani kama Lusewa amewahi hata kuisikia.

Mwezi wa kumi na mbili nilienda Lusewa. Nilipita mstari kwa mstari shambani kwa mama mkwe bila kusema ninachotafuta. Shimo moja lilikuwa tupu. Nikachuchumaa kulifukua.

"Hilo kanga amefukua," akasema nyuma yangu. "Mengine yote yameota. Wewe unatafuta nini?"

Nilimwambia palepale, nikiwa nimechuchumaa. Akaniambia nishike jembe nimsaidie kupalilia.

Nilichojifunza: kabla hujaunganisha mtambo ili uuone ukiwa mbali, jiulize nani mwingine atauona. Na kijani sio jibu, soma namba.

Haya wakuu, kabla hamjanishambulia, na nyie semeni ukweli. Huko kazini kwenu kuna kitu gani mlichomeka "kwa muda tu" na mpaka leo bado kipo?