Wimbo wa Leonadi uliomezwa na harusi

Jua limeshapanda Mitwero, Lindi. Juu ya bati zimelazwa betri nne, zipate joto, nguvu iliyobaki ijikusanye. Tekla Chilumba anapangusa kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, anachomoa kaseti moja kwenye sanduku la bati na kubonyeza. Ndiyo desturi yake: kila asubuhi kaseti moja, mwanzo mpaka mwisho. Utepe unaozunguka, anasema, haushikwi na ukungu.

Leo ni zamu ya "Nisubiri Mingoyo". Gitaa la Klementi linanguruma, ngoma zinaingia, sauti ya Leonadi inapanda. Tekla anafagia uwanja huku akiimba naye taratibu. Wanafika ubeti wa pili, pale Leonadi anapovuta pumzi.

Badala ya Leonadi, inatoka sauti ya mshenga.

"Na mkaja wa mama, jamani. Msiusahau mkaja wa mama."

Vigelegele vinafuata. Mtoto analia. Jogoo anawika. Ufagio wa Tekla umesimama hewani.

"Nilidhani nimekosea kaseti," anasimulia. "Nikaitoa, nikaigeuza. Ni yenyewe, na mwandiko ni wangu."

Tekla, mwenye miaka thelathini na sita, ni msaidizi wa Radi ya Kusini, bendi ya magitaa ya umeme ambayo muziki wake vijana wa Lindi huuita roki na wazee huuita kelele. Yeye ndiye anayevuta nyaya, kulehemu plagi zilizokatika na kupiga pasi mashati ya jukwaani. Tena ndiye anayetunza kaseti zaidi ya tisini za maonyesho yao. Jukwaani hupanda kufunga maikrofoni tu, kisha hushuka kabla watu hawajaingia.

Bendi hiyo ilizaliwa katika kiwanda cha kubangulia korosho, ambako Tekla alikuwa karani wa stoo. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi wakatawanyika, na vyombo vya muziki vikaletwa nyumbani kwake kwa mkokoteni.

"Walisema watavifuata Jumatatu," anasema. "Sikuuliza Jumatatu ya mwaka gani."

Siku ya dansi hupata posho ya shilingi elfu moja, ukumbi ukijaa. Usipojaa, hupewa asante. Siku nyingine zote anauza bagia mbele ya nyumba, na wateja wake wamezoea kusubiri wimbo uishe ndipo wahudumiwe.

Asubuhi ile ya mshenga ilikuwa mbaya kwa sababu moja. Siku hizi za ruksa, redio za watu binafsi zimeanza Dar es Salaam, na mojawapo ilikuwa imeomba wimbo mmoja kutoka Radi ya Kusini. Bendi nzima ilikubaliana upelekwe "Nisubiri Mingoyo". Kuurekodi upya haikuwezekana, maana mwimbaji wake, Leonadi, alikwenda Tunduru kuchimba madini mwaka juzi, na hakuna ajuaye yuko shimo gani. Kwa walivyojua, sauti yake kwenye wimbo huo ilikuwa imebaki katika kaseti ile moja.

Tekla ana kinga yake. Kila anaporekodi dansi, huvunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili isirekodiwe tena. Lakini wanabendi nao wana ujanja wao. Hutafuna karatasi ya pakiti ya sigara, wakaziba matundu, na kaseti ikawa mpya. Hakuna anayeona ni kosa. Kaseti dukani ni ghali, na sanduku la Tekla halina kufuli.

Safari hii mtafunaji alikuwa Dadi, mpiga ngoma, aliyekuwa akimwoza dada yake.

"Dada Tekla, harusi ni mara moja," alijitetea. "Wimbo tutaupiga tena."

"Na koo la Leonadi unalo wewe?"

"Sinalo. Lakini na wewe si umemsikia yule mshenga? Hata yeye anafaa redioni."

Wenzake walicheka. Tekla aliirudisha kaseti sandukuni. Ndivyo alivyo, hata Klementi, kiongozi wa bendi, anasema hivyo: ukimchukulia kitu chake, Tekla hukusogezea na kiti. Alikwenda nyuma ya nyumba.

"Nililia kidogo," anakiri. "Halafu nikaanza kufikiri."

Alichofikiri kinajulikana na kila aliyewahi kufika dansi za kusini. Washabiki huja na redio zao, wakazipanga mbele ya spika na kurekodi. Kazi ya Tekla ni kuzisogeza zisilalie nyaya, kwa hiyo anazikumbuka. Akakumbuka dansi la Idi moja huko Somanga, na redio kubwa nyekundu iliyowekwa juu ya meza ya samaki.

Alidandia lori la nazi. Alifika Somanga siku ya pili, vumbi mpaka kwenye kope, redio yake imefungwa khanga mapajani kama mtoto mchanga. Mwenye meza, Bi Mwanaasha, alikuwa anageuza pweza kwenye karai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa kukaanga au wa mchuzi?"

"Nimekuja kutafuta wimbo."

"Wimbo haujazi tumbo. Kaa ule kwanza."

Alipokwisha kula, akaeleza. Bi Mwanaasha akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kaseti iliyonuka mafuta ya kukaangia.

"Wimbo wenu huu naupiga kila siku," alisema. "Kijana akianza kulia na Mingoyo yake, abiria wanaagiza sahani ya pili. Lakini kaseti hii haiondoki hapa. Hata mume wangu hajapewa aende nayo baharini."

Wakakubaliana kunakili. Redio mbili ziliwekwa uso kwa uso juu ya benchi, kama watu wanaonong'onezana, na Bi Mwanaasha akawageukia wateja na mwiko mkononi.

"Atakayekohoa atakula nje."

Wimbo ulipigwa wote watu wakiwa kimya. Dereva wa lori alishikilia tonge karibu na mdomo asilitie wala asilirudishe. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa kipande cha muhogo. Leonadi alifika ubeti wa pili, akavuta pumzi, akaimba mpaka mwisho.

Kuna dosari moja. Katikati ya kiitikio, kwenye kaseti yenyewe, inasikika sauti ya Bi Mwanaasha wa Idi ile ikiuliza: "Wa kukaanga au wa mchuzi?" Tekla anasema ameusikiliza mara nyingi sasa, na anahisi wimbo umepata utamu zaidi.

Aliporudi Mitwero alikuta bendi nzima uwanjani kwake. Aliwapigia wimbo. Walisikiliza wamesimama, hata Dadi, ambaye safari hii hakuwa na mzaha. Sauti ya Bi Mwanaasha ilipoingia wote wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza tena kumsikiliza mwenzao aliye mbali.

Wimbo ulipoisha, Klementi alifurahi kweli.

"Tekla, umetuokoa," alisema. Akaitoa kaseti redioni, akaitia mfuko wa shati. "Basi la Dar ni kesho. Naipeleka stendi."

Wengine walishaanza kuondoka. Tekla alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mujibu wa Dadi, sauti yake ilitoka ndogo kiasi kwamba walilazimika kusogea.

"Irudishe, Klementi."

"Niirudishe wapi?"

"Sandukuni. Nitainakili jioni hii, na nakala ndiyo itakayosafiri. Hiyo yenyewe itabaki hapa. Nitanunua kufuli, na anayetaka kaseti atakuja kuniomba, na nikikataa nimekataa."

Klementi aliitoa mfukoni, akampa. Alidhani yamekwisha.

"Bado," alisema Tekla. "Miaka yote hii mnapiga muziki, mimi nautunza. Mkimaliza dansi unawataja wote kwa majina, mpaka mwenye jenereta. Na mimi nataka kutajwa. Mimi si msaidizi wenu. Mimi ni mwanabendi."