Nilimuuza Mume Wangu Akiwa Golini

(Mwenye barua hii ametuomba tumfiche, nasi tumemfichia jina lake na majina ya wenziwe. Msomeni hadi mwisho kabla hamjamhukumu.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Rabai, nimeolewa kanisani na nina watoto wawili. Tunakaa Changamwe, chumba cha kupanga. Mume wangu, nitamwita Karisa, ni kuli wa bandarini siku za kazi, na Jumamosi ni golikipa wa timu ya hapa kwetu. Kuandika nilifunzwa misheni, kwa hiyo haya yote ni ya mkono wangu mwenyewe.

Kwanza mjue kwamba napenda mpira. Tangu Vita Vikuu viishe kila kitu ni cha foleni, lakini mpira ni miguu yako tu ikufikishe. Wenye tikiti hukaa vitini kivulini, sisi wengine husimama kwenye kamba ya kuzunguka uwanja na jua letu, bure. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma ya goli la Karisa, karibu hata nasikia anavyohema. Nikimaliza kufua na kupika, raha yangu ya juma zima ilikuwa hiyo.

Mwaka jana gunia lilimwangukia bega la kushoto. Nje alijionyesha mzima asije akapoteza namba kwenye timu. Ndani, mimi ndiye niliyemkanda kila jioni kwa maji moto ya chumvi na mafuta ya nazi. Nilijua bega lile kuliko alivyolijua yeye. Kulia alikuwa anaruka kama zamani, kushoto chini hakuweza kujitupa.

Siku moja akaniambia nisiende tena uwanjani, eti wenziwe wanamcheka kwa kuwa na mke wa kusimama kwenye kamba na wahuni. Nilitii miezi mitatu. Jumamosi moja uzalendo ukanishinda, nikajitanda leso hadi usoni nikaenda. Nikamwona msichana ameketi kwenye kiti cha kivulini, kashika koti la Karisa mapajani. Wakati wa mapumziko Karisa alimwendea, akanywa maji mkononi mwake mbele ya watu, na watu wakawa wanawatazama kama jambo walilolizoea. Mimi nilisimama juani nikaona yote. Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kuninunulia tikiti ya kiti kile.

Nilirudi nikapika. Alipokuja nikamkanda. Akaniambia mechi haikuwa na watu.

Juma lililofuata nilipanda kivuko nikaenda Likoni kumsalimia mjomba. Mtoto wake, nitamwita Chengo, ndiye mfungaji wa timu ya huko, na Jumamosi ya juma hilo hilo walikuwa wanakuja kucheza na wetu mechi ya kombe. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Piga chini, mkono wake wa kushoto. Bega limekufa."

Chengo aliniangalia sana. "Dada, huyo si shemeji yangu?"

"Ndiye. Wewe piga tu."

Siku ya mechi nilirudi mahali pangu nyuma ya goli, sikujifunika uso. Bao la kwanza lilipita chini kushoto. La pili lilikuwa penalti, Karisa akajitupa upande ule kwa nguvu zake zote, bega likachomoka na mpira ukamalizikia wavuni. Alilala pale akilia kwa maumivu, watu wa kwetu wakimzomea. Haki ya Mungu, sijawahi kuona mpira mtamu kama ule. Mganga wa mifupa alipolirudisha bega mahali pake, kazi ya kulikanda ilikuwa yangu tena, na nililibonyeza kuliko lilivyohitaji.

Nilidhani yameisha hapo. Kumbe Karisa alikaa akafikiri ni nani aliyetoa siri, na hakunifikiria mimi hata mara moja. Alimfikiria yule msichana, kwa kuwa kwao ni Likoni na habari za bega alizijua. Akamwacha, akamtangaza mji mzima kuwa ni msaliti. Mwenye nyumba alikopanga msichana akamtolea vitu vyake nje.

Asubuhi moja, Karisa akiwa kazini, nikasikia hodi. Ni yule msichana, tumbo limeshaanza kuonekana. Alinisalimu kwa adabu, akaniomba nimwombee msamaha kwa Karisa, maana wewe, akasema, anakusikiliza.

Nikamuuliza anajua mimi ni nani.

"Wewe ni mjane wa kaka yake, dada. Aliniambia amekuhifadhi wewe na wanao."

Nilikaa chini. Matusi niliyomwandalia nikayaacha. Nilimwambia ukweli kuwa mimi ni mke, naye akalia mpaka nikamshika mkono. Lakini kwamba siri niliitoa mimi, sikumwambia. Nimempeleka Rabai kwa mama yangu, anakaa huko akiamini mimi ni mtu mwema.

Sasa Karisa anahurumiwa. Mwisho wa mwezi timu inachagua nahodha na wote wanamtaja yeye, eti maskini kijana wa watu kauzwa na mwanamke. Mimi nataka niingie mkutanoni na yule msichana na tumbo lake, niwaambie ni mimi niliyemuuza na kwa nini, nione uso wa Karisa wakati huo. Hasira yangu haijaisha, imeongezeka. Lakini najua atanifukuza, na wanangu atabaki nao. Nikinyamaza, yeye atavishwa heshima, na yule binti atabeba aibu yangu pamoja na mimba yake.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, msinionee haya. Niingie mkutanoni au ninyamaze?