Nyongeza ya Dagaa

Niliandika kitabu cha mapishi ya dagaa na migebuka, nikakirusha bure kwenye magrupu ya simu ya mtaani kwetu, Buzebazeba. Wakakipuuza. Jirani yangu akaniambia usoni kwamba kitu cha bure lazima kina virusi. Nikanuna wiki nzima.

Siku moja nikaenda soko la samaki la Katonga kununua dagaa. Kwa mama mmoja foleni ilikuwa ndefu kuliko kwa wenzake wote. Alinipimia, akatupia na nyongeza kama ilivyo ada, kisha akatoa simu.

“Lete namba, mwanangu. Kwangu mimi nyongeza ni dagaa na kitabu.”

Nikamtajia. Kwenye simu yangu kikaingia kitabu changu, jina langu likiwa juu kabisa. Nikamkodolea macho.

“Usimrushie mtu,” akaninong’oneza. “Hicho ni cha wateja wangu tu.”