Gobole Lililogoma Mlangoni kwa Bibi

Harufu ya baruti iliyochanganyika na ubani hainitoki puani mpaka leo. Ni ya msimu ule mvua zilipokataa kukatika, shangazi yangu Zuhura alipoolewa kutoka nyumbani kwa bibi, Ng'ambo, hapa Tabora. Mimi Tatu nilikuwa darasa la tatu, nina kigugumizi, na mtaa mzima uliniita Imegoma. Kwetu neno hilo lilikuwa la kila siku: baiskeli ikikataa kwenda imegoma, jiko likikataa kuwaka limegoma, gobole likifyatuliwa lisilie limegoma. Nami nikikwama kwenye "shikamoo", wakubwa walicheka, "Haya, imegoma tena!" Walisema kana kwamba kitu kikigoma ndiyo basi, ni cha kutupa. Niliwachukia, nasema wazi.

Desturi ya kwetu ilikuwa hivi: msafara wa bwana harusi ukifika, mwindaji wao analiza gobole la baruti tupu, kama misafara ya biashara ya zamani ilivyopiga hodi mjini. Kisha mtoto wa nyumba anasimama mlangoni na kuuliza, "Mmefuata nini kwetu?" Asipouliza, hakuna anayeingia. Shangazi alinichagua mimi. Loo, palichafuka! Mama mkubwa alisema nitawaaibisha mbele ya wakwe, apewe binamu yangu Mwajuma, mwenye ulimi kama cherehani. Shangazi akamjibu, hina ikiwa bado mbichi mikononi, "Harusi yangu, mlango wangu. Atauliza Tatu." Nilifanya mazoezi uani mpaka mbuzi wakanichoka.

Wakaja kutoka Ntalikwa, ngoma mbele. Mwindaji wao, mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma, akaelekeza gobole juu, akafyatua. Tki. Kimya. Baruti ilikuwa imekula unyevu. Nikangoja watu wacheke. Thubutu! Ngoma zilinyamaza, akina mama wakameza vigelegele, na mzee hakulishusha gobole wala kuligeuza. "Tulieni," alisema. "Limegoma, halijafa." Kila mtu pale alijua kwamba gobole lililogoma linaweza kulia wakati wowote, na anayeligeuza kwa papara huenda likamlipukia usoni. Tukasubiri, roho juu. Puu! Kuku wakatawanyika, vigelegele vikapaa.

Ikawa zamu yangu. "M-m-mme..." Nikakwama. Mtu akacheka nyuma yangu, Mwajuma akanisogeza kwa kiwiko ili aulize yeye, na mama mkubwa akasema kwa sauti, "Si niliwaambia? Imegoma." Damu ilinichemka. Yaani chuma cha wageni kisubiriwe kwa heshima, halafu mimi mtoto wa nyumba nisukumwe? Nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili. "T-t-tulieni!" nikapiga kelele. "N-nimegoma, s-sijafa!" Wakatulia, wallahi, hata mama mkubwa. Mzee wa gobole akavua kofia yake. Nikalivuta swali langu silabi kwa silabi mpaka likaisha, na wakwe wakajibu, "Tumemfuata Zuhura." Ndipo nikaachia mlango, wakaingia.

Leo magobole yamesalimishwa serikalini na misafara ya harusi inakuja na honi za bodaboda. Nina duka la vitenge Kanyenye, na kigugumizi changu kipo palepale. Watu wa siku hizi wana haraka kuliko wale wa zamani. Wananikatia simu, wananimalizia maneno kana kwamba nimewaajiri. Juzi kijana mmoja alinidakia sentensi nikimtajia bei, akaimalizia kwa bei ya uongo ambayo sikuwa nayo kabisa, kisha akanyoosha mkono achukue kitenge aondoke. Nikakikandamiza kitenge mezani, nikamtazama machoni.

"T-tulia," nikamwambia. "M-mlango wangu huu."

Akatulia. Nikaanza upya, kuanzia neno la kwanza, nikasema langu mpaka mwisho.