Tone la Zamzam

Jicho langu la kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho, kwa hivyo mtoto wa jicho alipoingia katika lile la kulia sikuwa na akiba. Wanangu wote niliwazaa kwa uchungu, lakini hakuna aliyenisumbua kama mtoto huyu. Alianza kama moshi wa kuni mbichi, kisha akanenepa, mpaka nikawa namtambua mtu kwa sauti na kwa mburuzo wa viatu. Nikisalimiwa njiani naitikia tu, marahaba, marahaba, kumbe aliyepita ni mtu wa rika langu na wala hakuniamkia. Watu wakadhani nimeingiwa na kiburi.

Nilikuwa naishi peke yangu Likoni, katika nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu, na binti yangu alikuwa ameshaniandalia chumba kwake Mikindani. Kila akipiga simu alikisifu: kina dirisha, mama, kina feni. Mimi sikulitaka dirisha lake. Mwanamke aliyezoea kufunga mlango wake kwa komeo lake, akihamia kwa mtoto huwa mgeni asiyeondoka. Nilijua wazi kwamba jicho hili likizimika nitapelekwa Mikindani na sitarudi. Ndiyo maana nilikubali kukatwa, mimi ninayeogopa hata sindano ya kutolea mwiba.

Nilidhani watanilaza nisijue kitu. Wapi! Walinitia ganzi, wakanifunika uso kwa kitambaa chenye tundu, nikabaki nasikia kila neno. Taa ilikuwa nyeupe, inavunjikavunjika, kama mtu anayelitazama jua kutoka chini ya maji. Daktari alikuwa akimsimulia nesi habari za foleni ya malori Changamwe, alivyoganda asubuhi nzima nyuma ya lori la mafuta, na mimi chini ya mikono yake nasoma Ayatul Kursi. Nilifika katikati nikasahau mbele. Aya niliyoihifadhi tangu utotoni! Nikaanza upya, nikakwama palepale, machozi yakaanza kunilengalenga.

"Mama, usilie saa hii," daktari akasema. "Nakuomba."

Kesho yake walipofungua bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni ukucha wa nesi, hina imekatika nusu. Nikaushangaa ukucha ule kana kwamba sijapata kuona mkono wa mtu. Kisha nikamwona binti yangu. Alikuwa na mvi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilimshika kichwa nikamuuliza zimeanza lini, akacheka, lakini mimi sikucheka. Ilinichoma kwamba mwanangu amezeeka na mimi, kila alipokuja, nikikaa chumba kimoja naye nisijue.

Daktari akanipa masharti. Nisiliguse jicho, nisiiname, maji yasiliingie hata wakati wa udhu, nitayamamu kwa mchanga. Nisitie kitu chochote ila matone aliyonipa yeye. Hilo la kitu chochote alilisema mara mbili. "Hili ndilo lako la mwisho, mama," akasema.

Kwetu mgonjwa hutazamwa na mtaa mzima, na asiyekuja ndiye mwenye neno. Niliporudi Likoni sebule ikajaa, na mimi nikawa na raha yangu, maana nilikuwa nawaona. Huyu amekonda, yule amefunga leso iliyochanika pindo, mwingine ana unga wa mahamri kwenye nyusi. Kila nilichokiona nilikisema, mpaka jirani mmoja akaniambia wallahi daktari amenitilia jicho la umbeya.

Ndipo akaja wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekaa nami eda nzima, akinipikia, akinifulia, akiwanyamazisha watoto. Tangu siku hizo sikuwahi kumwambia hapana. Wiki ile alikuwa ametoka Umra, na alikuja na tende pamoja na kichupa cha maji ya zamzam. Alikuwa ameyagawa mwenyewe kutoka katika dumu, kama wanavyofanya wote warudipo, ili kila ndugu apate japo kidogo. Kichupa changu kilikuwa cha uturi zamani, harufu ilikuwa bado imo.

"Nimekuombea mbele ya Al-Kaaba, wifi," akasema. "Jicho hili n'melitaja kwa jina lako na la mamako. Ndoo, sogea hapa n'kutie tone moja, bismillahi."

"Daktari amekataza, wifi. Asema nisitie kitu."

"Amekataza vitu vya dukani. Haya si wayajua yatoka wapi?"

Wote walikuwa wananitazama mimi. Utasema nini? Utasema maji yaliyotoka Makka, yaliyopandishwa ndege na mwanamke mzima kayakumbatia kifuani, huyataki? Nilitafuta neno la kukataa ambalo lisingekuwa tusi, nikalikosa. Nikainua kichwa. Wifi akanipapasa shavu, akapanda mpaka kwenye kope, tone la kwanza likaniangukia puani, la pili likaingia. Lilikuwa la baridi. Watu wakaitikia amin, na mimi nikaitikia pamoja nao.

Kesho yake jicho likaanza kuwasha, jioni likaanza kuuma, maumivu ya kugonga mpaka kwenye mizizi ya meno. Nikajiambia ndivyo kidonda kinavyopona. Asubuhi iliyofuata nilifumbua nikautafuta mlango wangu, nisiuone. Ukungu ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuwa mwekundu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kitanda cha daktari. Nilikaa nikimtaja Mungu, na katikati ya kumtaja nikajikuta namlaani wifi yangu, kisha nastaghfiru, kisha namlaani tena.

Binti yangu akaja mbio kutoka Mikindani. Wifi naye alisikia, akaja, akasema haniachi. Tukateremka kwenye feri watatu, binti mbele anapasua njia katikati ya watu, wifi kanishika mkono kaung'ang'ania hata kucha zikaniingia. Nilidhani ni huruma.

Hospitalini daktari alinimulika jicho kwa taa yake, akanimulika tena.

"Mama, umetia nini humu?"

Nilimngoja wifi aseme. Alikuwa pembeni yangu, mkono wake bado mkononi mwangu, nasikia anavyovuta pumzi. Sikutaka kuwa mimi wa kulitamka. Maji yale yakitajwa mahali pale, mbele ya taa ile, ingekuwa kama nimeyashitaki.

"Nisipojua, nitatibu kwa kubahatisha," daktari akasema, "na jicho hili halitangoja."

Binti yangu akaniita, "Mama!" kwa sauti ya kunikemea, sauti yangu mwenyewe.

"Maji ya zamzam," nikasema.

Wifi akauachia mkono wangu.

Daktari hakucheka wala hakukaripia. Alikuwa Muislamu, alitupa salamu tulipoingia. Akasema maji hayana kosa. Kosa ni la chupa, na la mikono, na la dumu lililofunguliwa na kufungwa, na kwamba jicho lililokatwa ni kidonda kibichi, halivumilii maji yoyote. Yalikuwa maneno ya hekima, lakini wifi hakuyasikia. Alikuwa ameshatoka nje.

Nililazwa. Nilidungwa sindano ndani ya jicho lenyewe, na hilo sitalieleza. Matone yalikuja mchana na usiku, mpaka nikawa nalala huku nimetanua kope kwa mazoea. Mwanga ukarudi kidogo kidogo, kwanza dirisha, kisha mtu, kisha uso wa mtu. Haukurudi wote. Upande mmoja kuna kivuli mpaka leo, na herufi ndogo zinanipiga chenga. Lakini naona, na chumba cha Mikindani kikabaki na feni yake.

Wifi hakuja kunitazama. Hakupiga simu. Badala yake maneno yakaanza kutembea kwamba nimeisingizia zamzam, na dukani nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake kuna watu imani imewatoka, huku akijua nimesimama nyuma yake. Hasira zikanipanda. Mimi ndiye niliyechomwa sindano jichoni, halafu mimi ndiye mkosa? Nilikuwa nataka neno moja tu kutoka kwa wifi. Pole. Hata ingekuwa pole ya shingo upande, ningeipokea.

Mwisho nikamfuata kwake, mtaa wa Shika Adabu, mchana kweupe. Sitasema nilikwenda kusuluhisha. Nilikwenda kugomba, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, lipi litangulie na lipi limalizie. Nilikuta mlango wazi, nikaingia bila kupiga hodi, makusudi, nikapita moja kwa moja mpaka uani. Alikuwa peke yake kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele. Nikasimama mbele yake. Hakuinua kichwa. Nikasema moyoni, tazama kiburi cha mwanamke huyu! Akaendelea kupapasa, akatoa punje akaitupa, akatoa nyingine akaitupa, na mimi nikaona kwamba anazozitupa ni mchele mzuri. Vijiwe vilikuwa mle mle ungoni, vyeusi, vinaonekana kutoka nilipokuwa nimesimama.

Nikakohoa. Akainua uso, jua likampiga, akanielekea sawasawa.

"Nani?" akasema.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Katika mboni zake zote mbili mlikuwa na weupe, mzito kama tui. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanitoka yote. Niliona huruma, niliona na haya, na hasira nayo ilikuwa bado ipo, haijui tena iende kwa nani.

"Ni mimi, wifi."

Akauweka ungo chini. Kisha akauliza, "Waona?"

"Naona."

"Alhamdulillahi," akasema. Machozi yakamtiririka na asiyafute.

Nikakaa chini, nikamuuliza yamemwanza lini. Akasema kabla ya safari, na hakumwambia mtu kwa kuchelea asizuiwe kwenda. Kule alikuwa akishikwa mkono na wenzake, na Al-Kaaba aliiona kama giza kubwa lililosimama. Nikamwambia twende kwa daktari, tutoke hata sasa hivi. Akatikisa kichwa, akasema baada ya alilonifanyia mimi, ataingia pale kwa uso gani.

"Na uliposimama kule ukaniombea," nikasema, "lako hukuliombea?"

"Nilianza na lako," akasema. "Nikataka kutaja na langu, watu wakatusukuma."