Mdhamini Wangu wa Isevya

Nilipoteremka stesheni ya Tabora nilikuwa na sanduku la bati, barua mbili na tumbo linalonikata. Tumbo lile halikuwa la chakula, lilikuwa la woga. Mimi ni mwoga tangu utoto, nasema mapema ili msomaji asinitarajie ushujaa. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, kwa Mbelgiji, nikalala Kigoma, nikapanda garimoshi la Mwingereza, na kila nilipoulizwa naenda wapi nilijibu "Kusoma" kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kosa.

Mji ulinitisha. Watu wa Dar es Salaam wakisikia kwamba niliogopa ukubwa wa Tabora hucheka mpaka machozi. Na wacheke. Kwetu kulikuwa na duka moja, nalo lilifungwa mwenyewe akiugua. Hapa maduka ya Wahindi na ya Waarabu yamefuatana, baiskeli zinakupigia kengele nyuma ya sikio, na kila mtu anajua anakokwenda isipokuwa wewe.

Karani wa shule aliipokea barua ya kwanza, ya padri wetu, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

"Hii hainisaidii," akasema. "Wewe si mtu wa Tanganyika. Mwanafunzi wa nje lazima awe na mdhamini, mkazi wa hapa Tabora, aje mwenyewe mbele ya mwalimu mkuu atie dole gumba. Una mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, saa sita mchana. Ikipita hapo, garimoshi la Kigoma unalijua lilipo."

Nikasema ndiyo, bwana. Nyumbani walikuwa wamenichinjia mbuzi wa kuniaga. Mtu aliyechinjiwa mbuzi harudi baada ya wiki mbili akasema alikosa mdhamini. Bora nipotelee porini.

Barua ya pili ilikuwa ya kumpelekea mzee mmoja wa mtaa wa Isevya, Mnyamwezi, mrina asali, ambaye zamani alipakia mizigo na mjomba wangu bandarini Kigoma. Nilimkuta uani kwake anasafisha nta. Nikaweka sanduku chini, nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia marahaba. Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mguu, akaisikiliza barua niliyomsomea, kisha akapaza sauti: "Mama! Hebu njoo umwone mtumwa wangu! Yule aliyetoroka na mzigo wa babu yangu, leo kajileta mwenyewe!"

Mkewe alitoka jikoni akicheka. Majirani wakachungulia. Mimi nilihisi uso unawaka. Kwetu neno lile halichezewi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitaja watu waliopelekwa mashariki kwa njia hii hii ya misafara, huwataja kwa kunong'ona, na baada ya hapo hapiki siku hiyo. Nami nimekuja kusoma, naitwa mtumwa mbele ya kuku na watoto wa watu! Nilimeza mate, nikasema, "Asante, mzee." Nilikuwa namhitaji, na usiku ule nikapewa pa kulala kwake.

Kesho yake alilichukua blanketi langu jipya. "Mtumwa na blanketi wapi na wapi?" akasema, akalitupia begani, akaenda nalo sokoni mchana kutwa. Jioni alilirudisha limekunjwa, na ndani yake kibuyu kidogo cha asali. Nilifikiri amesahau mali yake humo. Nikambebea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikamwambia, "Mzee, hiki chako." Alinitazama sana, akakipokea, akaingia nacho ndani.

Nikaamua dawa yake ni adabu. Kila asubuhi shikamoo mpaka goti linagusa vumbi. Akiniita mvivu, naam mzee. Akisema kwetu tunakula hata kandambili, naam mzee. Nilifagia ua, nilichota maji, sikuinua macho. Na dawa ikafanya kazi, au ndivyo nilivyodhani, maana siku ya nne matusi yalipungua, na siku ya saba yalikwisha kabisa. Mzee alianza kuniitikia marahaba ya kawaida, akapita zake. Nikamshukuru Mungu: sasa ananiheshimu.

Ijumaa, siku moja kabla ya mwisho, nilijikaza nikamwomba anidhamini.

"Mimi sikujui," alisema taratibu, bila hasira. "Nimdhaminije mtu nisiyemjua? Nenda kwa wenye adabu wenzako." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Mjini hapa simjui mtu mwingine yeyote. Nilikaa kizingitini nikihesabu stesheni za kurudi, na mbuzi yule wa kuniaga nikamwona wazi na macho yake. Bibi, mke wa mzee, alikuwa anapepeta mpunga karibu yangu. Nilimweleza yote: blanketi, kuitwa mtumwa, adabu niliyoonyesha, na jinsi mumewe anavyonichukia.

Ungo ulisimama. "Anakuchukia? Kwani kwenu hakuna utani?"

Nikamwambia upo, mtu hutaniana na bibi yake na shemeji zake. Kwamba kabila zima linaweza kuwa mtani wa kabila jingine, hilo sikuwa nimelisikia.

"Masikini!" akasema. "Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Watu wa kwenu na sisi ni watani tangu njia ya misafara. Walibeba pembe pamoja, wakala chungu kimoja, na aliyefia njiani alizikwa na mtani wake, kwa sababu ndugu walikuwa mbali. Mzee alipokuita mtumwa alikuwa anakukaribisha. Alipochukua blanketi alitaka nawe uchukue kitu chake. Wewe ukamrudishia hata asali! Mtani hajibiwi kwa shikamoo. Umemwambia wewe na yeye si kitu. Wiki nzima hali akashiba."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Mtukane."

"Bibi!"

"Mtukane vizuri, na mimi nisikie."

Jumamosi niliamka kabla ya mapambazuko. Je, kama bibi kakosea? Nimtukane mzee wa watu, kisha nifukuzwe nyumbani na shuleni siku moja? Jua likapanda, mzee akakaa uani kuchuja asali, nami nikawa nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ilipokaribia saa nne nikajisemea liwalo na liwe. Nilimwendea, nikamvua kofia kichwani, nikaivaa.

"We mzee," nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba mno, "babu yangu alikununua kwa kibaba cha chumvi ya Uvinza, na mpaka anakufa alilalamika kwamba alipunjwa. Inuka, twende shuleni."

Aliweka kibuyu chini. Nilisikia nyuki.

"Kibaba kizima?" akauliza.

"Kizima. Na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga."

Mzee alicheka mpaka akaanguka ubavu kwenye mkeka. "Mama! Umesikia? Kumbe ana meno!" Bibi alipiga kigelegele huko jikoni. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, maana saa zilikuwa zinakwenda.

Na njiani sasa! Kila duka alisimama kichwa wazi, kuwashitakia watu kwamba mnyang'anyi huyu kamvua kofia. Kila mtu akamwonea huruma, akanitukana, nikatukana. "Mzee, saa sita," nilimwomba. "Mtumwa hana saa," akasema, akaingia kumsalimu fundi cherehani. Tulifika ofisini nimelowa jasho, zimebaki dakika chache.

Mwalimu mkuu, Mzungu aliyekijua Kiswahili, alichukua fomu akauliza, "Huyu ni nani wako?"

"Mtani wangu."

Karani akanong'ona kwamba fomu haina nafasi ya mtani. Mwalimu mkuu akamwambia aandike hivyo hivyo.

"Akiugua?"

"Mke wangu atampikia uji."

"Akifa?"

Hapo nilitazama sakafu. Tangu ziwani swali hilo ndilo lililokuwa linanikata tumbo, na sikumwambia mtu. Nikifa katika mji huu, nani atanijua mimi ni wa nani?

Mzee hakufikiri hata kidogo. "Akifa nitalala ndani ya kaburi lake nizuie watu wasimzike, mpaka wanipe jogoo. Nitamcheka mbele ya waombolezaji. Kisha nitampokea kwa mikono yangu hii miwili, nimlaze, nimfukie. Hazikwi na mtu mwingine mimi nikiwa hai. Andika."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi.

Mtani hujibiwa, hilo nilikuwa nimeshalijua, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Halikutoka. Nililia pale pale mbele ya mwalimu mkuu, kwa sauti, kama mtoto.

"Msimjali," mzee alimwambia karani, akijifuta wino kwenye shati langu jeupe. "Bado mgeni."